Sababu ya Kusimama

Ramani ilikuwa imebandikwa ukutani tangu Jumatatu, na kila aliyepita kwenye korido aliisifu. Upana wake ulikuwa sawa na meza mbili. Kijani kilichokolea kilionyesha mahali penye ndege wengi, kijani kilichopauka mahali penye wachache, na katikati, kama shuka lililoanikwa, palikuwa na eneo jeupe la kilomita za mraba mia mbili na kumi na mbili ambamo, kwa hesabu za miaka kumi na mmoja, hamkuwa na ndege wa maana.

Aliyeichora aliitwa Rula. Halikuwa jina lake, lakini lilikuwa limemganda kiasi kwamba hata mhasibu aliwahi kumwandikia hivyo kwenye bahasha. Alikuwa afisa mipango wa Idara ya Wanyamapori, mwanamke wa miaka thelathini na minane, aliyekunja mikono ya blauzi kwa vipimo sawa kulia na kushoto. Ripoti iliyosema "ndege wengi" ikifika mezani kwake ilirudi ilikotoka na neno moja la penseli pembeni: wangapi? Jina la utani halikumuudhi. Aliona limetolewa na watu waliotazama vizuri.

Kwa miaka miwili kazi yake ilikuwa Mpango wa Makazi ya Ndege. Haukuwa mpango wa kulinda bwawa moja au kichaka kimoja. Ulihusu ukanda mzima, kuanzia vilimani hadi mtoni, pamoja na mashamba, barabara na makazi ya watu yaliyomo: wapi nyasi ziachwe, wapi miti iongezwe, mkulima yupi aombwe kuchelewa kufyeka kwa wiki mbili ili vifaranga wawahi kukimbia. Ndege hatambui mpaka wa shamba wala wa wilaya, kwa hiyo anayempangia makazi hana budi kuitazama nchi yote kwa pamoja.

Na nchi yote kwa pamoja, kwenye ramani ya Rula, ilikuwa na tundu jeupe katikati. Mpango ulisema tundu lizibwe: ukanda wa miti ukatize eneo jeupe na kuunganisha kijani cha kaskazini na cha kusini. Miche elfu arobaini ilikuwa tayari nyuma ya ofisi, kwenye mifuko myeusi. Wajumbe wa bodi wangekutana Ijumaa saa nne asubuhi kuidhinisha, na Jumatatu majembe yangeanza. Kilichobaki ni picha ya jalada tu.

Ndiyo maana Jumanne asubuhi Rula alikuwa getini, akimsubiri dereva, ambaye alikuwa mjomba wake, kaka wa mama yake, tumbo moja. Walikuwa na utaratibu walioukubali siku alipoajiriwa: kabla ya saa mbili ni mjomba na mpwa, baada ya saa mbili ni dereva na bosi.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba mwanangu. Saa ngapi hapo?"

"Saa mbili kasoro dakika tano."

"Basi bado nina dakika tano za ujomba. Umekonda. Mama yako anajua?"

"Anajua. Ndiye aliyesema nimenenepa."

"Dada yangu huyo, macho hana tangu utotoni." Alitazama saa yake, akashusha mabega, akamfungulia mlango. "Karibu, bosi."

Rula alikuwa akizijua hesabu za vituo vyote sitini na vinne kwa moyo, lakini vituo vyenyewe hakuwahi kuvikanyaga. Kila mwezi mhesabu ndege alipelekwa kwenye kila kituo, akasimama dakika kumi, akaandika kila ndege aliyemwona au kumsikia, akaondoka. Takwimu zilimfikia Rula zikiwa safi, kwenye safu. Sasa alitaka picha moja ya uwanda mpana, mbingu juu, nyasi chini, na katikati pasiwe na kitu.

Kituo cha kwanza kilikuwa chini ya mkuyu. Cha pili chini ya mikaratusi mitatu. Cha tatu kilikuwa chini ya mkuyu mwingine, mkubwa kuliko wa kwanza, wenye jiwe lililolainishwa na makalio ya watu. Kwenye cha sita Rula aliteremka, akatazama matawi, akatazama simu iliyomwonyesha kwamba yuko mahali sahihi, akarudi garini.

"Dereva, nataka kituo kisicho na mti."

"Utatafuta sana, bosi."

"Kwa nini?"

Mjomba alizima injini, kwa sababu alikuwa mtu asiyependa kusimulia huku akiunguza mafuta. "Unalikumbuka gari la kwanza? Lile la rangi ya samli? Rejeta yake ilivuja tangu siku nilipokabidhiwa. Kila baada ya kilomita chache linachemka kama sufuria. Sasa mhesabu wa kwanza, yule aliyehamia pwani, siku ya kwanza akaniambia, dereva, mimi sijui njia hii, wewe simama unapoona panafaa. Nikasimama panapofaa."

"Kivulini."

"Ulitaka nisimame juani na rejeta ile? Tungekuwa tunahesabu ndege mpaka leo."

"Fomu inasema vituo vilichaguliwa kwa bahati nasibu."

"Ilikuwa bahati. Tena nzuri. Mti ungeweza usiwepo."

Rula hakucheka. Alikuwa akipima kwa hatua kutoka gari hadi shina: kumi na nne. Waliendelea. Hatua tisa, hatua ishirini na mbili, hatua sita. Barabara ilikatiza eneo jeupe kwa kilomita kumi na tisa, na humo mlikuwa na vituo viwili tu, kwa sababu humo mlikuwa na miti miwili tu. Alasiri, ofisini, alivikagua vilivyobaki kwenye picha za angani. Kati ya vituo sitini na vinne, sitini na kimoja vilikuwa chini ya hatua thelathini kutoka kwenye mti.

Maana yake ilikuwa wazi kwa yeyote aliyesoma somo hilo hata muhula mmoja. Ukisimama chini ya mti kwa miaka kumi na mmoja utawahesabu kigogota, njiwa na hondohondo. Hutawahesabu ndege wa nyasi, wanaotaga chini, kwa sababu ndege hao hukaa mbali na miti; mtini ndiko mwewe anakokaa akiwatazama. Waliokuja baada ya mhesabu wa kwanza walirudi kwenye vituo vilevile, kama kanuni inavyotaka. Kompyuta ilijaza nafasi iliyobaki kwa kukisia. Na Rula, aliyerudisha ripoti za watu kwa neno moja la penseli, alikuwa ameinakili sentensi ya "bahati nasibu" kwenye ukurasa wa kumi na nne bila kumuuliza mtu yeyote swali lolote.

Eneo jeupe halikuwa tupu. Au lilikuwa tupu. Hakuna aliyejua, na Jumatatu lingejazwa miche elfu arobaini, kila mmoja ukikua uwe kiti cha mwewe.

Jumatano asubuhi alimweleza Mkurugenzi. Huyu alikuwa mwalimu zamani, na bado aliwasikiliza watu akiwa ameinamisha kichwa, kama anayesahihisha.

"Kwa hiyo ramani yako ni mbovu."

"Ni sahihi kabisa. Ni ramani ya vivuli."

"Na penye jua kuna nini?"

"Sijui."

Mkurugenzi aliweka kalamu chini. "Miaka sita sijawahi kulisikia neno hilo kinywani mwako. Kaa, usije ukaanguka." Alimsogezea kiti kwa mguu. "Sasa nisikilize. Miche ipo, mvua ipo, wajumbe wamekwisha kualikwa. Siwezi kusimama mbele yao niseme tusipande kwa sababu Rula hajui. Niletee ndege. Ijumaa saa nne."

"Na nikiwakosa?"

"Tunapanda."

"Ni haki," alisema Rula, na alimaanisha.

Alhamisi kulipopambazuka walikuwa watatu garini: dereva, Rula, na mhesabu wa sasa, kijeba wa miaka hamsini aliyeitwa Sikio kwa kuwa aliweza kumtambua ndege kwa mlio mmoja akiwa amemgeuzia mgongo. Kompyuta ilikuwa imewachagulia vituo kumi na viwili vya kweli, bila kuuliza rejeta. Vyote vilikuwa kwenye nyasi, juani, na upepo ulikuwa ukivuma kama unaolipwa kwa saa.

Walipomaliza kituo cha kumi na mbili Rula alijumlisha. Ndege saba.

"Wanne ni kunguru," alisema Sikio. "Na kunguru hao ni walewale, wametufuata tangu kituo cha tatu. Nadhani wanadhani tuna chakula."

"Upepo ulikuwa na nguvu gani?"

"Wa kutosha kuninyamazisha hata mimi. Ningekuwa kipozamataza au ndege mwingine wa nyasini ningelala chini nifunge mdomo."

Kanuni ya tatu ilisema hesabu iliyofanywa kwenye upepo mkali haihesabiki. Rula alikuwa ameiandika kanuni hiyo mwenyewe. Alipiga mstari juu ya ukurasa mzima, kwa rula.

"Ungeacha hao watatu basi," Sikio alimwambia kwa upole.

"Nikiwaacha hao, nitaacha na kunguru."

Walianza kurudi. Rula alikuwa akipanga namna ya kumwambia Mkurugenzi kwamba hana kitu, na kwamba kwa mujibu wa makubaliano miche ipandwe, gari liliposimama ghafla hivi kwamba kofia ya Sikio ikaruka hadi kwenye kioo cha mbele. Barabarani kwale alikuwa akivuka bila haraka. Nyuma yake vifaranga sita, kwa mstari.

"Kwale," alisema Rula. "Na sita."

"Kati ya kituo na kituo," Sikio alijibu, akiokota kofia. "Kanuni ya tano. Haandikwi."

Mjomba, ambaye kanuni ya tano haikumhusu, alivuta daftari lenye jalada gumu kutoka juu ya dashibodi, akatazama mita, akaanza kuandika.

"Unaandika nini?" aliuliza Rula.

"Sababu ya kusimama."

"Sababu gani?"

"Ya kusimama, bosi. Safu ya tano." Alimwonyesha bila kumpa. "Mwaka ule wa kwanza gereji walilalamika breki zinaisha haraka. Mkuu wa usafiri akatoa agizo: kila dereva akisimama bila kupangiwa, aandike kilomita, saa, idadi na sababu. Wenzangu waliandika wiki moja wakaacha."

"Na wewe?"

"Mimi sikuambiwa niache."

Sikio aligeuza kichwa taratibu, akamtazama mjomba, kisha mpwa, kisha mjomba tena, kama mtu aliyekuta chemchemi ya mto alioufahamu siku zote.

"Rula," alisema, "kumbe wewe ni wa kurithi."

"Yako wapi mengine?" Rula aliuliza.

"Yako manane, kwenye sanduku la vipuri. Nani angeyataka?"

"Hukuwahi kumwambia mtu?"

"Kumwambia nani? Kila mwezi nafunga breki, nyinyi mmekaa hapo nyuma mnapanga karatasi. Nikadhani mnawaona."

Saa sita mchana madaftari yote tisa yalikuwa kwenye meza ya mikutano, yakinuka grisi. Mjomba alisoma, Sikio alitafsiri, Rula alitoa kilomita ya kuondokea getini kwenye kilomita ya kusimama ili apate mahali penyewe barabarani. Njia ilikuwa ileile kila mwezi kwa miaka kumi na mmoja, na kila safari ilianza na mita kuandikwa. Hapakuwa na mwanya.

"Ng'ombe wawili, mwenye nao amelala," alisoma mjomba.

"Futa."

"Baiskeli. Futa mwenyewe. Kwale wanne. Kwale wawili na wadogo. Kofia ya mtu."

"Futa kofia."

"Ndege mdogo wa kahawia, amepaa wima akiimba, ameshuka palepale, hataki kuondoka."

"Kipozamataza," alisema Sikio. "Huyo ana kiota hatua tano kutoka hapo. Endelea."

"Ndege mmoja mweusi, mkia mrefu kuliko akili."

Rula aliinua penseli. "Huyo tumwandikeje?"

"Tandawala dume, msimu wa kutafuta mke," alisema Sikio. "Maelezo ni sahihi kabisa."

Palipokuwa na shaka Rula alifuta. Alifuta "ndege fulani", alifuta "kama kwale hivi", na mjomba alipotaka kumtetea ndege mmoja wa mwaka wa nne aliambiwa, kwa heshima, kwamba ni saa nane mchana na yeye ni dereva. Saa kumi na moja jioni hesabu ilikuwa tayari. Vituo elfu moja mia tatu na sita vya ghafla. Baada ya kutoa mifugo, baiskeli, kofia na mashaka, vilibaki vituo mia nne na kumi na nane vya ndege wanaotambulika. Mia tatu sabini na moja vilikuwa ndani ya zile kilomita kumi na tisa za eneo jeupe.

Rula aliikagua namba hiyo mara tatu. Kisha akafanya jambo ambalo Sikio alilisimulia ofisini kwa wiki nzima: alikunjua mikono ya blauzi, mmoja ukabaki juu kuliko mwingine, na hakuurekebisha.

Ijumaa saa nne wajumbe walikuwa saba: wa maji, wa barabara, wa mashamba, na wengine wanne waliokuja na chupa zao za chai. Rula hakuanza na ndege.

"Ukurasa wa kumi na nne una sentensi isiyo ya kweli," alisema. "Niliiandika mimi. Inasema vituo vilichaguliwa kwa bahati nasibu."

"Vilichaguliwa na nani?" aliuliza mjumbe wa barabara.

"Na rejeta."

Alieleza. Wa barabara, aliyewahi kuwa na gari la namna ile, alicheka mpaka akafuta macho. Kisha Rula akabandika karatasi angavu juu ya ramani, na ndani ya weupe ukatokea mstari wa nukta mia tatu sabini na moja, zimesongamana kama siafu.

"Chanzo cha takwimu hizi?" aliuliza wa maji.

"Daftari la gari. Safu ya sababu ya kusimama."

Mkurugenzi aliinamisha kichwa. "Kwa hiyo, mbele ya wageni wangu, unasema mpango wa miaka kumi usimame juu ya breki?"

"Ziliandikwa papo hapo," alisema Rula, "zina tarehe, kilomita na idadi, na mwandishi hakujua zitatumika kwa nini, kwa hiyo hakuwa na sababu ya kutia chumvi. Vituo vyetu rasmi havina sifa hizo zote. Zina kasoro moja: zinaonyesha barabarani tu. Ndani ya nyasi kuna wangapi, sijui. Naomba mwaka mmoja wa kuhesabu, na kabla ya hapo usipandwe hata mche mmoja humo."

Hii ilikuwa mara ya pili wiki hiyo kusema hajui, na safari hii hakuna aliyemsogezea kiti.

Mjumbe wa mashamba, aliyekuwa kimya tangu mwanzo, aliweka kikombe chini. "Mimi nafyeka nyasi huko. Kwale wananikimbia miguuni kila msimu. Nilipoona ramani yenu nyeupe nikadhani mna maana nyingine ya neno ndege."

"Na miche elfu arobaini?" aliuliza Mkurugenzi. "Tuiweke sebuleni kwangu?"

Hilo Rula alikuwa amelifikiria. Kingo za mto zilikatwa miti zote miaka ya nyuma, na zilikuwa kwenye mpango, ila kwa mwaka wa tatu. Aligeuza kurasa mbili. Mwaka wa tatu ukawa wa kwanza. Wa maji aliinua mkono kuunga kabla hajamaliza sentensi, kwa kuwa kingo hizo zilikuwa zikimwagia tope kwenye mabomba yake.

Mkurugenzi alitia saini saa tano na robo. Eneo jeupe lilipakwa manjano siku hiyohiyo, na maneno manne yakaandikwa juu yake: Nyasi. Zihesabiwe. Zisipandwe miti. Sikio alihesabu akasema ni manne kweli.

Mwezi uliofuata hesabu mpya ilianza. Kituo cha tatu kilikuwa katikati ya nyasi zilizofika magotini, na kivuli cha karibu kilikuwa umbali wa kilomita nne. Rula, ambaye sasa alikwenda na wahesabu kila mwezi, alikuwa nje na Sikio. Upepo ulikuwa umetulia. Dakika ya pili, kipozamataza wawili walipaa. Dakika ya sita, walikuwa tisa, na Sikio alikuwa akiandika bila kuinua uso.

Mjomba alikuwa garini, amevaa kofia ya ukili pana kama ungo, milango yote minne wazi, uso umemtota jasho. Dakika kumi zilipotimia Rula alirudi na kumkuta ameshika daftari.

"Kusimama huku kumepangwa, dereva. Hakuandikwi."

"Najua, bosi."

Aliendelea kuandika. Rula aliinama mlangoni akasoma. Kando ya kilomita na saa, kwa mwandiko wa mtu ambaye hakuambiwa aache, safu ya tano ilisema: Tumesimama juani makusudi. Sababu: mpwa.

Rula aliusoma mstari wote, kutoka kushoto hadi kulia.

"Safu ya idadi umeiacha wazi," alisema.

Mjomba alimtazama kutoka chini ya ukingo wa kofia, akarudisha kalamu kwenye karatasi, akaandika: mmoja.